Sayansi ya Chenga: Kumfundisha Kijana Kumpita Mlinzi

Mwezi wa Juni katika Mbeya ni mwezi wa baridi na vumbi. Mvua zilizoanza Novemba zimekwisha kupita, nyasi za viwanja vya shule zimekauka, na ardhi imekuwa ngumu kama sakafu. Katika kiwanja cha namna hiyo aghalabu huonekana tukio lifuatalo. Mvulana wa kidato cha pili, mdogo wa umbo, apata mpira pembeni mwa uwanja. Mbele yake asimama mlinzi aliyemzidi kichwa kizima. Mvulana akokota mpira hatua tatu, ajaribu kumpita mwenzake upande wa kulia, apokonywa. Mara sauti yasikika kutoka kando ya uwanja: "Toa mpira! Nani amekuambia upige chenga?"

Safari ya pili mvulana huyo hapokonywi, kwa sababu hajaribu tena. Kila aupatapo mpira huutoa upesi kana kwamba ni kaa la moto. Majuma machache baadaye yatungwa majina ya vijana watakaoiwakilisha shule katika mashindano ya UMISSETA, na jina lake halimo. Husemwa kwamba hana kipaji. Yeye mwenyewe husadiki hivyo, na huenda asiuguse mpira tena isipokuwa kwa kutazama wengine.

Je, hukumu hiyo ni ya haki? Kwa miaka mingi chenga imehesabiwa kuwa ni karama ya kuzaliwa nayo, kama vile rangi ya macho. Lakini elimu ya fizikia, elimu ya viumbe na elimu ya nafsi zimeichunguza miendo ya binadamu kwa muda mrefu, na yale zilizoyagundua yanatoa jibu tofauti. Chenga inazo kanuni zake. Kanuni hizo zaweza kuelezwa darasani, kupimwa kwa rula na saa, na kufundishwa uwanjani.

Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini hawana haja ya kuambiwa kwamba mpira ni jambo la maana. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu iliyotoka katika mji mdogo wa wilaya ya Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya timu kubwa za Dar es Salaam. Katika msimu wa 2013/14 Mbeya City, timu iliyoundwa mwaka 2011, ilishika nafasi ya tatu katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu. Umati uliojaza Uwanja wa Sokoine siku hizo haukuja kutazama pasi peke yake. Ulikuja pia kumwona winga akimwacha beki amesimama.

CHENGA NI NINI?

Yafaa kwanza mambo mawili yatenganishwe. Kukokota mpira ni kwenda nao huku ukiugusa mara kwa mara kwa mguu ili usikutoke. Kupiga chenga ni kumfanya mlinzi aende mahali ambapo mpira hautakwenda. La kwanza ni uhusiano kati ya mchezaji na mpira. La pili ni uhusiano kati ya watu wawili, na mpira ni chombo tu. Mchezaji aweza kuwa hodari sana wa kukokota mpira katikati ya mawe yaliyopangwa mstari, na bado asiweze kumpita mlinzi hata mmoja, kwa sababu jiwe halidanganyiki.

Kwa hiyo anayetaka kuielewa chenga hana budi kuanza na mlinzi. Mlinzi huona nini? Huamua lini? Akiisha kuamua, yamchukua muda gani kugeuza uamuzi wake?

MUDA WA KUITIKIA

Hakuna binadamu anayeweza kutenda jambo papo hapo alionapo. Mwanga huingia jichoni, habari hupita katika neva hadi kwenye ubongo, ubongo huamua, na amri hushuka katika uti wa mgongo hadi kwenye misuli ya miguu. Mwaka 1850 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, alipima mwendo wa habari katika neva ya chura, akaonyesha kwamba ijapokuwa mwendo huo ni wa kasi, una kipimo chake na huchukua muda. Kwa kijana mwenye afya, muda wa kuitikia jambo moja analolitazamia kwa macho ni karibu sekunde 0.2.

Wanafunzi waweza kujipimia wenyewe. Mmoja ashike rula ya sentimita 30 kwa ncha yake ya juu, ikining'inia wima. Mwingine aweke kidole gumba na cha shahada chini, penye alama ya sifuri, bila kuigusa. Wa kwanza aiachie rula bila kutoa onyo, wa pili aidake. Umbali ulioanguka rula hutoa muda kwa kanuni ya vitu vinavyoanguka: umbali ni sawa na nusu ya mchapuko wa mvutano wa dunia ukizidishwa kwa muda mara muda. Rula ikidakwa penye sentimita 11, muda ni sekunde 0.15. Penye sentimita 20, muda ni sekunde 0.20. Ikimtoka kabisa, muda umezidi kidogo robo ya sekunde.

Sekunde 0.2 yaonekana kuwa si kitu. Lakini mchezaji anayekimbia mita 5 kwa sekunde, mwendo ambao mwanafunzi wa sekondari huufikia bila taabu, huenda mita nzima katika muda huo. Mita moja yatosha kabisa kumweka mlinzi nyuma.

Jaribio hilo laweza kuendelezwa. Mshikaji sasa ashike rula mbili, moja kwa kila mkono, na mdakaji aweke mikono yote miwili tayari asijue ni ipi itakayoachiwa. Umbali wa kudaka utaongezeka. Mholanzi F. C. Donders alionyesha jambo hili mwaka 1868: kuchagua huchukua muda zaidi kuliko kuitikia tu. Mwaka 1952 Mwingereza W. E. Hick alieleza kwa hesabu jinsi muda huo unavyozidi kadiri idadi ya mambo ya kuchaguliwa inavyozidi.

Hapa ndipo lilipo funzo la kwanza. Mchezaji anayejua kupita kulia tu humpa mlinzi swali lenye jibu moja. Anayeweza kupita kulia, kushoto, au kusimama ghafla, humpa swali lenye majibu matatu, na mlinzi huchelewa kabla hata chenga haijapigwa.

Msomaji aweza kuuliza habari za Garrincha, Mbrazili mwenye miguu iliyopinda, aliyetwaa Kombe la Dunia na nchi yake mwaka 1958 na 1962. Yeye mara nyingi alipita upande ule ule wa kulia, na walinzi walijua hivyo. Mbona hawakumzuia? Walijua upande, lakini hawakujua wakati. Alisimama, akainama, akaanza, akasita, akaanza tena. Kutojua "lini" humchelewesha mlinzi kama vile kutojua "wapi".

KWA NINI KUDANGANYA KUNAFAA

Sasa lifanywe jaribio la tatu. Mshikaji wa rula mbili autikise kidogo mkono wa kushoto kana kwamba anaachia, kisha mara moja aiachie rula ya kulia. Mara nyingi mdakaji atafumba vidole vya upande usio na kitu, na rula ya kweli itamponyoka. Hiyo ni chenga kamili iliyopigwa juu ya dawati.

Mwaka 1931 Mmarekani C. W. Telford alichapisha uchunguzi juu ya hali hii. Aligundua kwamba ishara ya pili ikifuata upesi sana baada ya ya kwanza, mtu huiitikia ya pili kwa kuchelewa kuliko kawaida. Ubongo ukiisha kuanza kushughulikia ishara ya kwanza, ya pili haina budi kungoja zamu yake, kama watu wawili wanaotaka kupita pamoja katika mlango mwembamba. Muda wa kuitikia ishara ya pili, badala ya kuwa sekunde 0.2, waweza kufikia theluthi moja ya sekunde au zaidi.

Bega linaloinamishwa kushoto ni ishara ya kwanza. Mpira unaosukumwa kulia ni ishara ya pili. Mlinzi aliyeiamini ya kwanza hawezi kuifuta mara moja.

Lakini kuna masharti mawili, na wengi huyakosea. La kwanza ni kipindi kati ya ishara hizo mbili. Zikija karibu mno, mlinzi huziona kama kitu kimoja, wala hadanganyiki. Zikiachana mno, atakuwa ameisha kulitambua kosa lake na kulisahihisha. Kipindi kifaacho ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Hakuna mwalimu awezaye kumwamuru mwanafunzi kukihesabu. Hupatikana kwa kujaribu mbele ya mlinzi hai, mara nyingi.

Sharti la pili ni kwamba ishara ya uongo lazima ifanane na ya kweli. Mwaka 1998 wataalamu Mark Williams na Keith Davids walichapisha uchunguzi juu ya mahali wanapotazama wachezaji wa kandanda. Walipokabiliana na mshambuliaji mmoja kwa mmoja, wachezaji wenye uzoefu walikaza macho kwenye nyonga za mshambuliaji kwa muda mrefu kuliko wachezaji wasio na uzoefu. Sababu yake ni wazi. Kichwa, mikono na mguu vyaweza kwenda huku na mwili ukaenda kule, lakini nyonga zi karibu na kitovu cha uzito, na mahali ziendapo nyonga ndipo mwili wote uendapo. Basi mwanafunzi anayezungusha mguu juu ya mpira huku kiwiliwili kimesimama wima kama nguzo hamdanganyi mlinzi mwenye ujuzi, bali humfurahisha tu. Anayetaka kudanganya adanganye kwa nyonga: akunje goti, ahamishe uzito kweli kweli, kisha ajisukume kurudi.

Mfano mashuhuri ulionekana huko Ujerumani Magharibi tarehe 19 Juni 1974, katika mechi ya Kombe la Dunia kati ya Uholanzi na Sweden. Johan Cruyff, akiwa amemgeuzia kidogo mgongo mlinzi Jan Olsson, aliinua mguu kana kwamba anapiga mpira kuelekea katikati. Mwili wake wote ulitangaza pigo hilo. Badala ya kupiga, aliuvuta mpira kwa upande wa ndani wa mguu, ukapita nyuma ya mguu wake mwingine, akageuka na kwenda alikotoka. Olsson hakuwa mjinga. Aliitikia ishara iliyokuwa na kila dalili ya ukweli.

UZITO ULIOHAMA

Ubongo ukisahihisha kosa, mwili nao una deni la kulipa. Kanuni ya kwanza ya Newton husema kwamba kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake mpaka kani fulani ikizuie. Mlinzi aliyeruka kwenda kushoto kwa mita 2 kwa sekunde hana budi kwanza kusimama, ndipo aende kulia. Kani ya kumsimamisha hutokana na msuguano kati ya viatu vyake, au nyayo zake, na ardhi.

Na ichukuliwe kwamba katika kiwanja kikavu chenye vumbi kizio cha msuguano ni 0.5, na mchapuko wa mvutano wa dunia ni 10. Mlinzi mwenye kilo 55 hawezi kupata kani ya msuguano iliyozidi 55 × 10 × 0.5, yaani nyutoni 275. Momenta yake ni 55 × 2, yaani 110. Kwa kugawanya, yapatikana kwamba hawezi kusimama kabla ya sekunde 0.4. Katika muda huo mshambuliaji anayekwenda mita 5 kwa sekunde amekwisha kusogea mita 2.

Mwanafunzi mwenye macho makali atagundua jambo katika hesabu hiyo. Uzito wa mlinzi umejifuta wenyewe: awe na kilo 40 au 80, jibu ni sekunde 0.4. Mtu mkubwa haponi kwa ukubwa wake. Tena, misuli yake lazima itoe kani kubwa zaidi kuugeuza mwili mkubwa, na hatua zake ni ndefu. Hakuna awezaye kubadili mwelekeo mguu ukiwa hewani. Mwenye hatua fupi huigusa ardhi mara nyingi zaidi, na kila mguso ni nafasi mpya ya kugeuka. Mvulana mdogo aliyetajwa mwanzoni alikuwa na silaha hiyo miguuni mwake, wala hakuna aliyemwambia.

Ardhi hiyo hiyo humwekea mipaka mshambuliaji pia. Nusukipenyo cha njia ya kupinda hupatikana kwa kuzidisha mwendo kwa mwendo, kisha kugawanya kwa kizio cha msuguano kilichozidishwa kwa 10. Anayekimbia mita 6 kwa sekunde katika kiwanja hicho hawezi kupinda katika duara lenye nusukipenyo pungufu ya mita 7.2. Akipunguza mwendo hadi mita 3 kwa sekunde, mita 1.8 zamtosha. Kwa hiyo kupunguza mwendo kabla ya chenga si woga. Ni hesabu. Apunguze, amvute mlinzi naye apunguze, apinde, kisha aongeze mwendo ghafla. Ongezeko hilo la mwendo ndilo linaloikamilisha chenga. Wengi hudanganya vizuri, halafu husimama kuifurahia kazi yao, na mlinzi hurudi.

Umbali nao una kanuni yake. Mshambuliaji na mlinzi wakikaribiana kwa mita 4 kwa sekunde, chenga inayoanzishwa mita 5 mbali humwachia mlinzi zaidi ya sekunde nzima: ataona, atakosea, na atasahihisha. Ikianzishwa nusu mita mbali, mguu wa mlinzi utaufikia mpira kabla ya udanganyifu kufanya kazi. Ikianzishwa kama mita 2, mlinzi anayo nusu sekunde: muda unaotosha kufanya kosa, lakini hautoshi kulirekebisha.

MPIRA NA HEWA YA MBEYA

Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni kama asilimia 82 ya ile ya Dar es Salaam. Je, jambo hilo laihusu chenga?

Na uchukuliwe mpira uliojazwa Dar es Salaam katika nyuzi 30 za Selsiasi mpaka hewa ya ndani ikazidi ya nje kwa atmosfia 0.8. Kanuni za kandanda huruhusu kutoka 0.6 hadi 1.1. Kanieneo kamili ya ndani ni 1.8. Mpira huo ukipandishwa hadi Mbeya bila kufunguliwa, nje kuna 0.82 tu, hivyo ziada ingekuwa 0.98. Lakini Mbeya kuna baridi. Katika nyuzi 15 kanieneo ya ndani hupungua kwa uwiano wa 288 kwa 303 na kuwa karibu 1.71, na ziada huwa 0.89. Mpira umekuwa mgumu kidogo, si sana. Baridi imerudisha nusu ya kile kilichoongezwa na mwinuko.

Hewa nyepesi huupunguzia mpira kizuizi angani, kwa hiyo pigo refu hufika mbali zaidi. Wageni kutoka pwani huliona hilo, na pia huhema mapema, kwa kuwa kila pumzi ina oksijeni pungufu. Lakini katika chenga mpira huviringika chini kwa mwendo mdogo, na kizuizi cha hewa ni kidogo mno. Lililo la maana ni ugumu wa mpira na hali ya ardhi. Mpira mgumu juu ya ardhi ngumu huruka mbali na mguu. Kwa mafunzo ya chenga mwalimu asiujaze hadi kikomo.

Hapo ndipo chandimu inapostahili heshima yake. Mpira wa matambara na mifuko ya nailoni uliofungwa kwa kamba haudundi. Hukaa karibu na mguu, na humruhusu mtoto kuugusa mara nyingi bila kuufukuzia. Jambo hilo hilo hufanywa kwa makusudi katika futsal, mchezo wa ndani uliobuniwa na Juan Carlos Ceriani mjini Montevideo mwaka 1930: mpira wake hutengenezwa ili usidunde sana. Shule isiyo na mipira ya dukani haijakosa chombo cha kufundishia chenga.

KOSA LA MSTARI WA MAWE

Katika shule nyingi somo la chenga huwa hivi: mawe hupangwa mstari, wanafunzi 40 hugawanywa katika mistari miwili yenye mpira mmoja kila mmoja, na kila mtu huyazunguka mawe kwa zamu. Zamu moja ikichukua nusu dakika, mwanafunzi hungoja karibu dakika 10 kuifikia. Katika kipindi cha dakika 40 ameugusa mpira kwa dakika 2.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Mwaka 1979 Wamarekani John Shea na Robyn Morgan walichapisha jaribio kuhusu kujifunza miendo ya mkono. Kundi moja lilirudia mwendo mmoja mpaka likaumaliza, ndipo likaenda kwa mwingine. Kundi la pili lilichanganyiwa miendo yote bila mpango wa kutabirika. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilifanya vizuri zaidi. Lakini walipopimwa baadaye, waliochanganyiwa ndio walioikumbuka kazi yao vyema. Zoezi linalopendeza macho ya mwalimu si lazima liwe zoezi linalofundisha.

Mstari wa mawe haubadiliki. Mwanafunzi huzoea kutazama chini, wala haulizwi swali lolote na mtu yeyote. Mawe yanafaa kwa majuma ya kwanza, ili mguu na mpira vizoeane. Baada ya hapo lazima jiwe ligeuke mtu.

UTARATIBU WA KUFUNDISHA

Utaratibu ufuatao wafaa kwa darasa lenye mipira michache, ya dukani au ya matambara.

Kwanza, kila wanafunzi wawili wapate mpira mmoja katika eneo la mita 10 kwa 10, wengi wakiwa ndani kwa pamoja. Wenye mipira wakokote huku wakiepa wenzao. Mwalimu ainue vidole, nao wataje idadi yake kwa sauti. Anayetazama mguu wake hataona vidole.

Pili, mlinzi wa kivuli. Wawili wakabiliane umbali wa mita 2, mlinzi akiruhusiwa kusogea ila haruhusiwi kupokonya. Mshambuliaji ainamishe bega na nyonga upande mmoja, apite upande mwingine, kisha akimbie hatua tano kwa nguvu zote. Wabadilishane.

Tatu, mlinzi wa kweli katika njia yenye upana wa mita 6. Mshambuliaji hushinda akivuka mstari wa nyuma na mpira mguuni. Mlinzi naye apewe lengo lake la kufunga akipokonya, ili asilegee. Mwalimu abadilishe pembe: mara mlinzi aje kutoka mbele, mara kutoka kando, mara kutoka nyuma. Chenga tatu zatosha, lakini zichanganywe.

Nne, mchezo wa wawili kwa wawili. Kipindi cha saa moja chenye wachezaji 22 na mpira mmoja humpa kila mmoja wastani usiozidi dakika 3 za kuwa na mpira. Wanne wenye mpira mmoja hupata dakika 15 kila mmoja. Tena katika mchezo huu mwanafunzi hujifunza jambo la mwisho na gumu kuliko yote: kujua wakati wa kutopiga chenga. Karibu na lango lake mwenyewe, kupokonywa mpira ni hatari. Karibu na lango la wapinzani, jaribio moja likifaulu kati ya manne laweza kuleta bao.

Kwa sababu hiyo mwalimu aweke sheria moja na kuitii yeye mwenyewe: katika theluthi ya mwisho ya uwanja, asikemewe mtu kwa kujaribu. Aulizwe tu, "Mlinzi alikuwa amesimama kwa mguu upi?" Swali hilo humfanya mwanafunzi ajibu kwa akili. Kelele humfunza kuogopa.

UMRI NA UMBO

Limebaki jambo moja ambalo humhusu kila mwalimu anayechagua timu. Katika darasa moja la kidato cha pili wamo vijana wenye umri ule ule lakini miili yao imepishana kwa miaka kadhaa. Kwa kawaida wasichana hukua kwa kasi kubwa kabisa karibu na umri wa miaka 12, na wavulana karibu na miaka 14, lakini wapo wanaotangulia na wapo wanaochelewa. Aliyetangulia ana nguvu na mbio za mtu mzima, hivyo humpita mlinzi kwa kumsukuma na kumkimbia tu. Aliyechelewa hana njia isipokuwa kutumia akili.

Miaka michache baadaye wote wamelingana. Yule wa kwanza, ambaye hakuwahi kuhitaji kujifunza chenga, hukuta nguvu zake si ajabu tena. Yule wa pili angekuwa na ujuzi tayari, kama asingekuwa ameachwa nyumbani akiwa na miaka 14.

Aidha, kijana anayerefuka kwa kasi huweza kupoteza wepesi wake kwa muda. Miguu imerefuka kabla ubongo haujaizoea, naye hujikwaa kwenye mpira alioumudu mwaka uliopita. Hajasahau, wala si mvivu. Apewe muda. Akilalamika maumivu chini kidogo ya goti, penye mfupa uliojitokeza, apumzishwe na aonwe na mganga, kwa maana mahali hapo huumia kwa urahisi katika umri huo. Haya yote huwahusu wasichana sawasawa na wavulana, ila wasichana wengi hukaribishwa uwanjani wakiwa wamechelewa, na huhitaji mazoezi zaidi ya mguu na mpira kabla ya kukabiliana na mlinzi.

Basi mvulana yule wa pembeni mwa uwanja alikosea wapi? Aliianza chenga nusu mita kutoka kwa mlinzi. Hakuinamisha bega wala nyonga. Alikimbia kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni makosa matatu, na kila moja laweza kusahihishwa katika alasiri chache kwa mpira wa matambara na mwenzake mmoja. Kama hakuna atakayemwonyesha, ataendelea kuutoa mpira upesi, na orodha ijayo itatungwa tena bila jina lake.